Kinundu Chini ya Goti

Binti yangu ni mzima. Naanza na hilo ili unayesoma usikae roho juu kama nilivyokaa mimi. Anatembea, anakimbia kidogo kuliko alivyozoea, ananung'unika akiambiwa aoshe vyombo, na mguu wake wa kulia uko pale pale Mungu alipouweka. Ukitaka kuishia hapa, ishia, sitakulaumu. Mimi siwezi kuishia hapa, kwa sababu kabla ya kujua kwamba ni mzima nilipita mahali ambapo simtakii mtu yeyote apite. Na mama yangu alishawahi kupita hapo miaka mingi kabla yangu, ila yeye hakutoka salama.

Mimi ni fundi cherehani hapa Bukoba mjini. Kazi yangu ni kushika miili ya watu mchana kutwa, na mwili ukishaushika kila siku unaacha kuustaajabia. Nyuma ya shingo kuna mfupa unaochomoza mteja akiinamisha kichwa. Hapo ndipo ninapoanzia kupima urefu wa gauni. Begani kuna ncha ngumu, na bila ncha hiyo mkono wa blauzi haukai. Ubavuni, juu ya nyonga, kuna ukingo wa mfupa ambao sketi hukaa juu yake isiteremke, na chini yake, pembeni kabisa, kuna kinundu kingine ambacho ndipo mwanamke huwa mpana kuliko pengine pote. Wapo wateja wanaobishana na futi yangu hapo. Kuna mama mmoja wa Kaagya hushusha pumzi na kubana hata nyonga, kama vile nyonga zinabanika. Vinundu vyote hivyo nilivijua kwa vidole, hata macho nikifumba. Sikuwahi kujiuliza viko pale kwa kazi gani. Niliona kama vimewekwa kunisaidia mimi nisikosee kipimo.

Mambo yalianzia kwa mama yangu, Muleba. Mama anaishi kijijini, juu kidogo ya barabara kuu, kwenye nyumba iliyozungukwa na kibanja cha migomba na mibuni. Zamani nyumba ile ilikuwa na sakafu ya udongo, na wageni wakija tulitandika nyasi chumba kizima, nyasi mbichi zinazonukia, nene hata ukipiga magoti unazama. Tulipopata uwezo, mimi na dada zangu tukamwekea saruji nyekundu. Mama aliipenda saruji hiyo kupita kiasi. Anaipiga deki mwenyewe kila asubuhi, anaisugua kwa nta mpaka uso wako unauona chini, na tangu hapo nyasi zikabaki kuwa za msiba tu. Krismasi ikifika tukimkumbusha nyasi, anasema hawezi kuifunika saruji yake kwa majani kama ng'ombe anazaa humo ndani.

Sasa kwetu msichana akimsalimia mkubwa wake hupiga magoti. Sijui kama huko mliko bado mnafanya. Kwa mama yangu hilo halijadiliwi. Mimi mwenye mvi nikifika napiga magoti kwanza, kikapu kikiwa bado mkononi, ndipo mambo mengine yafuate. Binti yangu alifundishwa hivyo tangu anatambaa, na mama alikuwa akijisifu kwa majirani kwamba mjukuu wake wa mjini anasalimia vizuri kuliko wa kijijini.

Siku hiyo tulipokwenda kumtembelea, binti akaingia sebuleni, akainama kidogo, akasema, "Shikamoo, Bibi." Akabaki amesimama.

Mama alikuwa kwenye kiti chake. Hakuitikia. Alimtazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, kisha akageukia dirishani, akawa anaangalia migomba kama mtu anayengoja mgeni wa kweli atokee huko.

"Piga magoti," nikamwambia mtoto kwa sauti ya chini.

Macho yakamjaa maji, akabaki vile vile, ameshika kingo za sketi yake.

"Waitu," mama akaniambia mimi, sio yeye, kwa neno letu la heshima lililojaa kejeli, "siku hizi huko mjini mnasalimiana kama askari? Na huyu ndiye mnampeleka kipaimara?"

Nilikuja juu kwelikweli. Mtoto wa darasa la saba, amerefuka ghafla mpaka ananipita bega, ameanza kuchaguliwa kwenye timu ya netiboli ya shule, na sasa ameamua bibi yake hatoshi kupigiwa magoti! Hivyo ndivyo nilivyoona. Tulikula ndizi na maharage, na wakati wa kuondoka mama alinifungia kahawa ya kutafuna kwenye kipande cha gazeti, akaniaga mimi, mtoto akamwacha. Lipo jambo moja mama hulifanya kila mjukuu akifika: humvuta karibu, akampitishia mikono miguuni, kuanzia mapajani mpaka vifundoni, taratibu, kana kwamba anampangusa vumbi la safari. Huwafanyia wote, wa kike kwa wa kiume. Mimi nilidhani ni mapenzi ya kibibi tu. Siku ile hakumpangusa.

Njiani kurudi Bukoba nilimsema mtoto mpaka nikachoka mwenyewe. Yeye alikuwa anatazama nje. Alijua akisema kinachomuuma nitamkataza netiboli, naye kwa netiboli yuko tayari kuonekana hana adabu mbele ya ukoo mzima. Ukaidi huo nadhani ameurithi, na si kwa baba yake.

Wiki iliyofuata nikaanza kumpima gauni la kipaimara. Nikaweka futi kwenye mfupa wa nyuma ya shingo, nikaiteremsha. Wachungaji wetu hawapendi gauni linaloishia juu ya goti, na mtoto anaporefuka kama yule inabidi uache pindo la kutosha, la sivyo kati ya siku ya kushona na siku ya ibada gauni litakuwa limeshapanda. Nikapiga magoti mbele yake niweke alama ya pindo kwa chaki. Kiganja changu kikagusa chini ya goti lake la kulia.

Akaruka kama aliyeguswa na pasi.

"Nini?"

"Hamna kitu."

"Lete mguu hapa."

Chini ya pia ya goti, mbele, pale mfupa wa muundi unapoanza, kulikuwa na kinundu. Kigumu, cha mfupa, kimechomoza kiasi ambacho ukikiona mara moja hutaacha kukiona. Ngozi ya juu yake ilikuwa imevimba kidogo. Nikagusa tena kwa ncha ya kidole, naye akauma midomo. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini hakupiga magoti kwenye saruji ya bibi yake. Na kwa wakati ule ule nikakumbuka kitu kingine, nikakaa chini kabisa, na chaki ikakatika chini ya paja langu.

Kaka yangu, aliyenitangulia kuzaliwa, alianza na uvimbe gotini. Alikuwa kidato cha pili, shule moja upande wa Ngenge, mchezaji mpira hodari. Alirudi likizo akichechemea, na kila mtu akasema ni teke la mpira. Mama alimkanda. Alichemsha maji ya chumvi, akapasha jani la mgomba motoni, akakanda goti lile asubuhi na jioni kwa mikono yake yenye nguvu za jembe, na kaka alikuwa akilia usiku, sio mchana tu, usiku hasa, mpaka sisi wadogo tunajifunika masikio. Alipofikishwa hospitali walisema ni ugonjwa wa mfupa, na umechelewa. Wakaukata mguu, na hata hivyo haikutosha. Amezikwa pale pale kwenye kibanja, nyuma ya nyumba. Mama hajawahi kuzungumzia mguu ule mbele yetu, hata siku moja, na sisi tumejifunza kutoutaja.

Kwa hiyo nisingeweza kumwambia mama. Mtu yeyote mwingine, ndiyo. Baba yake mtoto nilimwambia, akasema, "Amejigonga huyo, watoto hawatulii," akaendelea kula. Nilitaka kumwamini. Jirani yangu wa kibarazani ninaposhonea, fundi mwenzangu, akaniambia nimkande kwa maji ya moto na chumvi, nibonyeze kwa nguvu ili kirudi ndani. Na mimi, pamoja na yote niliyoyajua, nilimkanda. Mikono yangu ilifanya kile mikono ya mama ilichofanya, kwa sababu mikono ya mama ndiyo iliyonifundisha kukanda. Mtoto alishika ubao wa kitanda mpaka nilipomaliza. Kesho yake kinundu kikawa kimevimba zaidi na kuiva wekundu, nikaona nimeanza safari ile ile kwa miguu yangu mwenyewe. Nikafunga kibaraza, tukaenda hospitali.

Daktari alikuwa dada kijana, mpole, ana tabia ya kumwuliza mtoto kwanza na mama baadaye. Jambo hilo lilinitesa, maana nilikuwa na majibu yote mdomoni.

"Kinauma ukifanya nini?"

"Nikiruka. Nikipanda ngazi. Nikipiga magoti ndiyo zaidi."

"Ukipumzika siku mbili hujacheza?"

"Kinapungua."

"Usiku kinakuamsha?"

"Huyu?" nikadakia. "Huyu nyumba ikiungua tutamsahau ndani."

Daktari akatabasamu. Halafu akafanya jambo ambalo mimi sikuwahi kulifikiria. Akashika goti la kushoto, lile zima, akabonyeza mahali pale pale chini ya pia. Mtoto akajikunja. Kulikuwa na kinundu kingine huko, kidogo, ambacho hata mwenyewe alikuwa hajakihesabu.

Nikasema moyoni, basi, umeshasambaa. Daktari yeye akaandika kitu, uso wake umetulia kabisa, akatutuma kwenye picha ya mifupa. Tulikaa kwenye benchi tukingoja picha, na nataka kusema ukweli, sikuomba sala yoyote ya maana. Nilikuwa nahesabu vifungo kwenye shati la mzee aliyekaa mbele yetu. Kimoja kilikuwa cha rangi tofauti, nikamchukia fundi wake.

Tuliporudi, daktari alikuwa ameinua picha kwenye mwanga. Sikumngoja aseme.

"Naomba uniambie tu kama mguu utakatwa."

Akaiteremsha picha. "Nani amekwambia habari za kukata?"

Nikamweleza habari za kaka. Nilidhani nitazisema kwa ufupi, zikanitoka zote, mpaka jani la mgomba. Binti yangu alikuwa amekaa pale pale akisikiliza, naye hakuwa amewahi kuzisikia. Daktari hakucheka wala hakuniharakisha. Akasema ugonjwa wa kaka yangu upo, nilifanya vizuri kuja, na ndiyo maana aliuliza habari za usiku na akataka picha. "Lakini huu sio huo, mama. Mfupa wa mtoto wako ni mzuri. Tazama." Mimi nilitazama, sikuona kitu, niliona weupe tu. Nilikuwa nimesikia neno moja, *sio*, na nililishika hilo.

"Sasa hicho kinundu ni cha nini?"

"Unacho na wewe," akasema. "Kaa. Weka kidole kwenye pia ya goti, teremsha taratibu."

Nikateremsha. Vidole vinne hivi chini ya pia, nikakuta. Kinundu. Changu, cha siku zote, ambacho nimepigia magoti miaka yangu yote bila kukifahamu.

"Usikitoe kidole. Nyoosha mguu, uinue."

Nikainua, na chini ya kidole changu nikahisi kitu kikikaza, mshipa mpana mgumu kutoka kwenye pia mpaka kwenye kinundu, umekakamaa kama kamba ya mbuzi anayetaka kutoroka. Daktari akasema ile ni kano. Akaeleza kwamba misuli yote mikubwa ya mbele ya paja inateremka, inakusanyika, inaishika pia ya goti, kisha inakuja kujifunga hapo, kwenye kinundu. Ukiinuka kwenye kiti, ukipanda mlima, ukiruka, uzito wako wote unavutwa mahali hapo padogo. Kama mfupa ungekuwa laini na mnyoofu kama ufito, kano ingekosa pa kushika, na goti lisingeweza kukunyanyua. Kinundu ndiyo nguzo yake.

"Sasa huyu," akamgeukia mtoto, "mifupa imekimbia, misuli inaifuata nyuma. Kila akiruka, kano inavuta, na hapo panapovutwa bado hapajakomaa. Panauma, panavimba, mfupa unajiongeza ili ushike vizuri. Akimaliza kukua patatulia. Kinundu kinaweza kubaki kikubwa kidogo, lakini hakitamdhuru."

Hilo nililielewa mara moja, na nililielewa kwa cherehani. Ukishonea kifungo kizito kwenye kitambaa chepesi, kitambaa kinavutika, kinajikunja na kuinuka pale pale kwenye uzi, hata kama kifungo hakina kosa na uzi hauna kosa. Dawa yake ni kuweka kipande kigumu nyuma na kuacha kuvutavuta. Nikamwambia daktari hivyo, akasema ndivyo, na kipande kigumu mtoto anajitengenezea mwenyewe, kazi yetu ni kuacha kuvuta. Apunguze kuruka kwa muda. Aweke kitambaa cha maji baridi akitoka kucheza. Anyooshe misuli ya paja. Asipige magoti mahali pagumu. "Na asikandwe," akaongeza, bila kunitazama, kwa adabu.

Ningeweza kuondoka hapo. Nje kulikuwa na watu wanangoja. Lakini mtu aliyetoka kuambiwa kwamba mtoto wake haumwi anapata wazimu fulani, mdomo unamfunguka. Nikashika ncha ya bega langu, nikauliza, na hii je? Akasema hiyo ni paa la kiungo cha bega, na misuli inayoinua mkono imeshikizwa ukingoni mwake. Na huu wa nyuma ya shingo? Kano na misuli inayokuzuia usidondoshe kichwa kwenye cherehani. Na hivi viwili vya kifundo cha mguu? Vinaubana mguu huku na huku, na kano zimefungwa kwenye ncha zake ili usiteguke njiani. Na hiki cha pembeni mwa nyonga, ambacho wateja wangu wanakichukia?

"Simama mguu mmoja," akasema. "Weka mkono hapo."

Nikasimama mguu mmoja katikati ya chumba cha daktari, na mkoba wangu umening'inia. Nikahisi nyama za nyonga zikikaza dhidi ya kiganja.

"Zimeshika kwenye kinundu hicho. Zikiachia, kiuno kinaangukia upande wa pili. Kila hatua unayotembea inategemea hapo."

"Mama, jamani," binti yangu akasema, amefunika uso kwa viganja. Nilikuwa bado nimesimama mguu mmoja. Sikujali hata kidogo. Miaka yote nimekuwa nikipima watu kwenye vinundu hivyo, na kumbe ndivyo vilivyowasimamisha mbele yangu ili niwapime.

Tulipotoka nje ya geti nililia, kisha nikacheka, kisha njaa ikanikamata kama sijala tangu Pasaka. Tulikaa kwa mama lishe, nikala samaki na ndizi, nikamaliza na sahani ya mtoto. Upepo wa ziwa ulikuwa unapuliza mifuko ya plastiki barabarani, na hata mifuko niliiona mizuri. Binti aliniuliza mjomba wake alikuwa anacheza namba ngapi. Nikamwambia winga. Akasema, "Kumbe," akafikiri kidogo, halafu akaniuliza kama anaweza kubaki kwenye timu akiwa mlinzi wa goli, maana mlinzi haruki sana. Nikamwambia asinichezee akili.

Ikabaki kumwambia mama. Sasa kwa kuwa mwisho ulikuwa mzuri nikaona nina ruhusa. Nikampigia simu, nikaanza na habari njema kama nilivyoanza na wewe: mtoto ni mzima, tumetoka hospitali, siku ile hakupiga magoti kwa sababu ana uvimbe gotini, lakini daktari amesema...

"Mguu gani?" mama akanikatiza.

"Wa kulia. Ila na wa kushoto kidogo, na daktari anasema..."

"Goti?"

"Chini ya goti, Mama. Ni pale misuli inapojifunga kwenye mfupa, kila mtu anapo, anakua tu, picha ni safi, haukatwi, hauna chochote."

Nikasikia kuku wake huko nyuma. Nikarudia maneno ya daktari yote tangu mwanzo, kwa haraka, kwa Kihaya, kwa Kiswahili, vyovyote yalivyonijia. Alipojibu, sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekaa chini.

"Mlete Jumamosi."

Akakata simu, hata hakuniaga. Nikajilaumu. Nikamwambia mume wangu nimemuua mama kwa habari njema.

Jumamosi tukashuka Muleba, tukapanda bodaboda mpaka juu. Kabla sijaiona nyumba nilisikia harufu: nyasi mbichi, zimetoka kukatwa. Kisha nikaziona zimemwagika mpaka kizingitini. Nikamshika mtoto mkono, nikaita kutoka uani, nani amefariki?

Mama akatokea mlangoni, kajifunga kitenge chake kizuri. "Hajafa mtu," akasema. "Ingieni."

Sebule nzima ilikuwa imetandikwa. Saruji yake, ile nyekundu ya kujiangalia uso, haikuonekana hata kidole kimoja. Nyasi zilikuwa nene kama za utotoni mwangu, zimelazwa kwa mpango, vichwa upande mmoja. Mama haendi tena rweya, kwenye nyika ya malisho, kukata nyasi, magoti yake hayamruhusu. Sijui alimtuma nani au alijikongoja mwenyewe, na hakusema. Nikapiga magoti, nikamsalimia, magoti yakazama. Binti akanitazama, kisha akaanza kujishusha naye, taratibu, ameshika ukuta, amekunja uso tayari kwa maumivu.

"Wewe kaa," mama akamwambia. Akamwonyesha kiti cha mikono, kile cha marehemu baba, ambacho hata mimi sikalii.

Mtoto akakaa ukingoni, kwa woga. "Shikamoo, Bibi."

Mama hakuitikia. Nikasema moyoni, ee Mungu, bado. Mama akaweka mkono mmoja kwenye mkono wa kiti, mwingine kwenye bega langu, akajishusha, goti la kwanza, akapumzika, goti la pili, mpaka akawa amepiga magoti kwenye nyasi mbele ya mjukuu wake. Sijawahi kumwona mama yangu akimpigia mtu magoti, isipokuwa altareni na siku ile ya kaburi. Mtoto akataka kuinuka kwa aibu. Mama akamrudisha kwa kiganja.

Kisha akaanza kumpangusa. Mapajani, akateremka, mguu wa kushoto mpaka kifundoni. Akarudi juu, wa kulia. Alipofika kwenye kinundu akasimama.

"Ni hapa?"

"Ndiyo, Bibi."

Akakizunguka kwa kidole gumba, polepole, pembezoni mwake pote, bila kubonyeza. Mtoto hakushtuka. Mama alikuwa amefumba macho. Kisha kidole kikaondoka pale, kikapanda juu ya pia ya goti, kikaingia upande wa ndani, kikatulia kwenye paja mahali ambapo hapakuwa na kitu chochote.

"Yake ilikuwa hapa," akasema.

Miaka yote hiyo, na vidole vyake vilikuwa havijasahau mahali.

"Ilikuwa ya moto. Na ilikuwa haina mwisho, unashika hujui imeanzia wapi." Akateremsha kidole tena, akakiweka juu ya kinundu. "Hii ina mwanzo na ina mwisho. Hii ni mfupa tu." Akajipapasa goti lake mwenyewe kupitia kitenge, akakipata cha kwake, akatikisa kichwa kama mtu aliyekuta kitu chake kilichopotea mfukoni mwake. "Hata mimi ninayo."

Hapo ndipo nilipofahamu kwa nini alikuwa akiwapangusa wajukuu wote. Alikuwa anatafuta. Kila likizo, kila mtoto aliyevuka mlango ule, alikuwa anampapasa miguu akitafuta ile, na kila mara alikuwa akiikosa na kuwapa kahawa watafune. Na mtoto mmoja tu aliyemwacha bila kumpapasa, kwa hasira ya siku moja, ndiye aliyekuwa na uvimbe gotini. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kidevuni, naye hakuyafuta, mikono yote miwili ilikuwa imeshika mguu.

Nikamwinamia nimsaidie ainuke. Akaisukuma mikono yangu.

"Ngoja kwanza," akasema. "Sijamwitikia mtoto."

Akainua uso, akamtazama mjukuu wake pale juu kwenye kiti cha babu.

"Marahaba, mwana wange," akasema. "Na ile ya siku ile. Marahaba."